Kunguru wa Kariokor na fundi wa akala

Kuna fundi mmoja wa akala katika soko la Kariokor, hapa mjini Nairobi, ambaye kwa muda wa miezi minne hakuthubutu kutoka kibandani mwake bila mwavuli. Haikuwa kwa ajili ya mvua, kwani siku zile zilikuwa za kiangazi, wala haikuwa kwa ajili ya jua, kwani bwana huyu amezaliwa na kukulia Ukambani, na jua hawajuani leo. Mwavuli ule ulikuwa kinga ya kunguru. Akitokeza kichwa tu, kunguru wawili wakaao juu ya mkaratusi ulio nyuma ya vibanda hushuka kama mawe, mmoja kushoto na mwenzake kulia, wakampitia utosini kwa upepo wa mbawa, na mara moja moja wakamgonga kwa mdomo. Watu wengine mia hupita mahali pale pale, wenye vikapu, wenye mikokoteni, watoto wa shule na wanunuzi wa vyondo, na kunguru hawana habari nao. Ni yeye tu.

Sokoni, kama ujuavyo msomaji, jambo la mtu mmoja ni la wote. Waliosema ni uchawi walisema. Wengine walisema fundi amekula fedha za mayatima. Wauza nyama choma walikuwa wakiacha majiko yao na kusimama kutazama, na wateja wao kadhalika, hata mwewe wa angani wakapata nafasi ya kujichukulia mishikaki. Mimi ambaye hupita njia hiyo karibu kila siku nikielekea Pumwani, niliona sababu ni nyepesi kuliko zote hizo: huyu bwana amewapiga mawe.

Nikamwuliza. "Fundi, hebu niambie kweli. Uliwatupia jiwe?"

"Mzee, sijawahi," akanijibu. "Hata siku moja. Mimi nakaa hapa na viatu vyangu. Mawe nitupe ya nini?"

Sikumwamini. Hilo nalisema mapema ili msomaji anihesabie kosa langu tangu mwanzo.

Kunguru ninaowasema ni wale wakubwa, weusi, wenye weupe shingoni na kifuani, kama mtu aliyevaa kizibao cheupe juu ya kanzu nyeusi. Ndio kunguru wa asili wa bara hili. Dume na jike wakishaoana hushika mtaa wao, na mtaa huo huwa na mipaka wanayoijua wenyewe. Wa kwetu hapa wana mkaratusi, wana nguzo tatu za umeme, wana paa za vibanda vya ngozi na jalala la upande wa mto. Kunguru mgeni akivuka hufukuzwa. Mwewe akikaribia, mmoja humkabili kwa mbele na mwingine humvuta manyoya ya mkia kwa nyuma, mpaka anakwenda zake kwa aibu. Tundu lao ukilitazama vizuri utaona limejengwa kwa vijiti vichache na nyaya nyingi, nyaya zile zile ambazo fundi huzichomoa katika matairi anapochonga akala na kuzitupa nyuma ya kibanda. Kwa hiyo walikuwa majirani wa siku nyingi, na nyumba yao wamejengewa na yeye pasipo kujua.

Basi tulifanya jaribio. Nilidhani labda kunguru wameichukia kofia yake, kofia nyekundu ya sufi aliyokuwa haivui. Tukampa kijana wake wa kazi kofia ile pamoja na aproni ya ngozi, akatoka nje akatembea mpaka bombani na kurudi. Kunguru walimtazama, wakaendelea kujitia mafuta manyoya yao. Kisha nikamvika fundi kofia yangu mwenyewe, kofia ya mkono niliyoletewa kutoka Lamu. Hakufika hatua kumi. Kofia yangu ilitolewa kichwani ikaanguka katika maji machafu, na soko zima likapiga vigelegele. Ikawa wazi kwamba kunguru hawamtambui kwa vazi. Wanamjua kwa uso.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma habari za watu walioshughulika na jambo hili kwa elimu. Huko Seattle, Marekani, katika Chuo Kikuu cha Washington, profesa mmoja aitwaye John Marzluff alikuwa amegundua kwamba kunguru aliowahi kuwatega humjua na kumkimbia. Mwaka 2006 yeye na wenziwe wakavaa sura ya bandia, sura ya mtu wa kale wa mapangoni, wakatega kunguru saba, wakawavisha pete za miguuni na kuwaachilia. Hawakuwaumiza. Baadaye watu mbalimbali, wanene kwa wembamba, wanaume kwa wanawake, wakawa wanatembea chuoni hapo wakiwa wamevaa sura ile, na wengine wakavaa sura ya Dick Cheney, ambaye wakati huo alikuwa makamu wa rais wa Marekani. Cheney alipita salama. Yule wa mapangoni alipigiwa kelele kila alipopita, hata alipovaa kofia juu yake, hata sura yenyewe ilipovaliwa juu chini. Na la ajabu zaidi ni kwamba waliopiga kelele walizidi kuwa wengi mwaka hadi mwaka, wakiwamo ambao hawakutegwa, na waliokuwa hawajaanguliwa siku ile ya mtego. Walifundishwa na wakubwa wao kwamba huyo mumwonaye ni adui. Kelele zile zilikuja kwisha mwaka 2023. Hesabu mwenyewe: ni miaka 17.

Kweli hao ni kunguru wa Marekani, si wa Kariokor, na mtu asikubali kila kitu cha ng'ambo kwa sababu tu kimeandikwa. Lakini mimi nilikuwa na kofia iliyolowa kama ushahidi.

Katika kusoma huko nikafikia kazi nyingine ya chuo hicho hicho, iliyofanywa na mwanamke aitwaye Kaeli Swift pamoja na Profesa Marzluff, na kutolewa mwaka 2015. Huyu alitaka kujua kwa nini kunguru wakimwona mwenzao amekufa hukusanyika na kupiga kelele, jambo ambalo sisi watu wa Pwani tumeliona tangu utotoni na kuliita matanga ya kunguru. Alichofanya ni kumpa mtu aliyevaa sura ya bandia kunguru aliyekufa amshike mikononi, asimame mahali ambapo kunguru wamezoea kupewa chakula. Kunguru wakaja, wakalia, wakaondoka. Tangu hapo mtu yule, hata akija mikono mitupu, alipigiwa kelele, na kwa wengi wao jambo hilo lilidumu wiki sita. Yaani matanga yale si kilio tu. Ni baraza la uchunguzi: nani amekufa, amefia wapi, na nani amekutwa na maiti mkononi.

Niliposoma hayo nilifunga karatasi, nikavaa viatu, nikaenda sokoni. Sikumwuliza tena habari za mawe.

"Fundi," nikamwambia, "uliwahi kushika kunguru aliyekufa?"

Alikuwa ameshika nyundo, akaiweka chini. Akakaa kimya kitambo, kisha akasema, "Nani amekwambia?"

Habari ilikuwa hivi. Alfajiri moja alifika kufungua kibanda akamkuta kinda la kunguru mlangoni, limekufa, limeungua ubawa. Bila shaka lilitua vibaya juu ya nyaya za umeme siku zake za kwanza za kuruka. Akalishika kwa miguu kulitoa njiani. Hapo hapo, anasema, juu ya kichwa chake kukawa na kelele kama soko la pili, kunguru kumi, ishirini, hata hajui walitoka wapi. Angeweza kulitupa jalalani. Lakini mbwa wa jalala lile anawajua, na moyo wake haukukubali kuona mtoto wa jirani anararuliwa mbele ya wazazi wake. Kwa hiyo alizunguka nyuma ya kibanda, akachimba shimo kwa kisu cha kazi, akalizika, akaweka kipande cha tairi juu. Hakumwambia mtu, kwani aliona watamcheka.

"Na kesho yake ndiyo wakaanza," akasema.

Basi msomaji, mtu pekee katika Kariokor nzima aliyewafanyia kunguru hao wema ndiye waliyemhukumu. Walimwona ana maiti mkononi, na kwao ushahidi huo ulitosha.

Nilimwomba anionyeshe mahali hapo. Tukazunguka, akainua kipande cha tairi, akachokoa udongo kidogo, na pakatokeza ncha ya ubawa mweusi. Nikainama nikaushika, nikautazama ule weupe wa kifuani uliokwisha geuka rangi ya majivu. Nikaurudisha, tukafukia. Juu ya mkaratusi palikuwa kimya kabisa, wala sikulitia maanani.

Nilipokuwa mtoto Kibokoni, Mombasa, katika miaka ya 1970, maalimu wetu alikuwa akitusimulia chuoni kisa cha wana wawili wa Adamu, kilichomo katika Sura ya Maida. Kabili alimwua nduguye Habili kwa husuda, kisha akabaki na maiti asijue la kuifanya, kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyekwisha kufa kabla yake. Mwenyezi Mungu akamleta kunguru akifukua ardhi, ili amwonyeshe namna ya kuusitiri mwili wa nduguye. Kabili akajuta kwamba ameshindwa hata kuwa kama kunguru. Sisi watoto tukisikia hayo tulikuwa tukitupa macho dirishani, ambako kunguru wenyewe walikaa wakingoja mahamri yetu, na hatukuona kwao dalili yoyote ya ualimu. Mimi niliuliza, "Maalimu, kunguru yule alikuwa wa aina gani?" Nikapata bakora badala ya jawabu. Lakini swali lile halikunitoka, na Kariokor ndipo liliponirudia, kwa sababu mahali hapa pana habari ndefu ya kuzika na kutozika.

Jina lenyewe latokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, katika Vita Kuu ya Kwanza, kama lilivyo jina la Kariakoo ya Dar es Salaam. Waafrika walichukuliwa kwa mamia ya maelfu kubeba mizigo ya jeshi dhidi ya Wajerumani wa Tanganyika, na hesabu ya serikali yenyewe ilikubali vifo zaidi ya 40,000, wengi wao wakiuawa na njaa na maradhi kuliko risasi. Walianguka njiani, na safari haikungoja mtu achimbe. Leo mtaa uliobaki na jina lao una makaburi ya Waislamu na una mahali pa Wahindu pa kuchomea maiti, pale ambapo mwili wa Profesa Wangari Maathai ulichomwa mwezi Oktoba mwaka 2011. Hao wote walipata wa kuwasitiri. Wapagazi waliozaa jina ndio wasiokuwa na alama hapa.

Nirudi kwa kunguru, maana habari yao ilikuwa haijafika penye hatari.

Mwezi wa Juni mwaka 2024, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori nchini lilitangaza mpango wa kuua kunguru 1,000,000 kabla ya mwisho wa mwaka ule. Waliokusudiwa ni kunguru wa Kihindi wa Pwani, ambaye ni mwembamba kuliko huyu wetu, ana shingo ya kijivu, na hana kizibao. Huyo ndiye niliyekua naye. Aliletwa Unguja katika miaka ya 1890, wakati wa utawala wa Waingereza, ili asafishe takataka za mji. Akazisafisha, kisha akaendelea na visivyokuwa takataka: mayai na makinda ya mnana, ya chozi, ya kila ndege mdogo, na vifaranga vya kuku wa masikini. Mombasa alionekana mwaka 1947. Mimi nilipopata fahamu mji ulikuwa wake, na huyu wa kizibao cheupe alikuwa amekwisha sukumwa nje, kwa kuwa kunguru wa Kihindi humvamia kwa wingi, na wingi humshinda mwenye nguvu. Nilimjua kunguru wa asili ya kwetu nilipohamia Nairobi, na hilo si jambo la kujivunia.

Kumpunguza kunguru wa Kihindi si kazi ya mchezo. Unguja walipigana naye mwanzoni mwa miaka ya 1990, akapungua sana. Kazi ikasimama, akarudi. Dar es Salaam walimtega na kumlisha sumu kuanzia mwaka 2010, akaanza kuiogopa mitego. Sumu itumiwayo na wataalamu huitwa Starlicide. Haimwangushi papo hapo, na hii ndiyo hila yake, kwani kunguru akimwona mwenzake anakufa penye chakula, chakula hicho hakigusi tena. Humwacha aende zake akafie mbali, penye malalo. Mwenye kuitengeneza alijua kwamba anapigana na kiumbe mwenye akili. Na ndege huyu sasa amekwisha onekana Voi na Mtito Andei, anapanda kwa njia ile ile tunayopandia sisi. Kwa hiyo sisemi waliotangaza walikosea. Nimeona miembe ya Mombasa isiyokuwa na ndege mwingine.

Lakini tangazo likitoka Pwani hufika Kariokor limevaa nguo nyingine. Jioni moja nilikuta watu kama wanane wamekaa mbele ya kibanda cha fundi. Mmoja alikuwa na pakiti ya dawa ya panya, mwingine ameleta matumbo ya mbuzi kutoka buchani. Wamesikia redioni kwamba serikali imeruhusu kunguru wauawe, wakaamua kumkomboa fundi wao, na kwa kweli niliona ni mapenzi yaliyowaleta.

Nikawaeleza kwamba kunguru aliyetangazwa siye huyu. Kijana mmoja akasema, "Mzee, kunguru ni kunguru." Mzee mwenzangu mmoja tunayesali pamoja akaniongezea mzigo: akasema hata sheria imemtaja kunguru miongoni mwa wanyama watano ambao hata mwenye kuhirimia Hija anaruhusiwa kuwaua, na tena katika mapokezi mengine ametajwa kunguru mwenye madoa meupe. Alikuwa na haki. Hadithi hiyo naijua. Nikamjibu kwamba ruhusa si faradhi, na kwamba katika hao watano, pamoja na kunguru wametajwa mwewe, panya na mbwa mwenye kichaa, na wote hao twaishi nao hapa. Je, tumemaliza kazi ya panya ndipo tukafika kwa kunguru? Watu wakacheka, lakini pakiti haikurudi mfukoni. Nikasema matumbo yale yataliwa na paka, na mwewe, na mbwa, na mtoto wa mtu atakayecheza pale. Wakasema wataweka juu ya paa.

Fundi alikuwa hajasema neno. Alikuwa anapigilia misumari katika akala, kichwa chini. Mwisho akainua uso akasema, "Sawa. Wekeni. Lakini kesho asubuhi watakuwa wamelala chini hapa. Nani atawaokota?"

Kila mtu akamtazama mwenzake.

"Mimi niliokota mmoja," akasema, "na mnaona. Mkiwaua hawa wawili watakuja wale wa jalala la Dandora kuangalia ni nani. Nataka kujua ni nani atatoka nje kuokota."

Yule wa pakiti akaitazama pakiti yake. Yule wa matumbo akakumbuka kwamba mbwa wa nyumbani kwake hawajala. Mmoja baada ya mwingine wakakumbuka shughuli, na kabla ya Magharibi tulibaki watatu, mimi, fundi na kijana wake. Nikamweleza fundi habari ya Seattle na ile miaka 17. Akahesabu kwa vidole.

"Nitakuwa na miaka 58," akasema, akachukua msumari mwingine.

Imekuwa nafuu kidogo tangu wakati huo. Kunguru wametaga tena, wana makinda mengine, na fundi hupigiwa kelele zaidi kuliko kugongwa. Mara nyingine huwaachia mifupa ya nyama choma juu ya paa la kibanda. Huila, lakini hungoja kwanza ageuke.

Mimi kwa upande wangu, tangu siku ile niliyoushika ubawa nyuma ya kibanda, siwezi kupita chini ya mkaratusi. Siku ya kwanza nilidhani kelele zile ni za mtu mwingine, nikatazama nyuma yangu. Hapakuwa na mtu. Nimenunua mwavuli.